Mafuta ya Mzazi Kule Siyu

Wenzangu wa Kitale mliniuliza kwa nini nililifunga duka langu la dawa hapa Amu, yaani Lamu mjini, katikati ya wiki. Nilikwenda Siyu kukusanya maoni. Serikali inataka kurekebisha sheria za vitu ambavyo mtu hujinunulia mwenyewe bila karatasi ya daktari: dawa za maumivu, vitamini, krimu za ngozi, mafuta ya kuchua. Wafamasia tuliojitolea tuligawiwa vijiji, nami nikaangukia Siyu. Nilifurahi, maana nilikuwa nimechoka kuuza dawa za mafua.

Asubuhi boti ya injini ilitupitisha mkondo wa Mkanda maji yakiwa bado yamejaa, la sivyo tungekwama kwenye tope la mikoko. Tulishuka Mtangawanda, na kutoka hapo pikipiki ikanipeleka Siyu kwa njia ya mchanga iliyonitoa jasho. Dereva aliniuliza mara kwa mara kama nimeshika vizuri, nami nikazidi kushikilia.

Baada ya sala ya adhuhuri nilianza kazi, na nikaanza vibaya. Nilikuwa nimeomba nafasi kwenye baraza karibu na msikiti, nikapata wanaume wengi, wapole, wasio na la kusema. Mwenyeji wangu, Bwana Athmani, alinionea huruma.

"Daktari, haya ya mafuta na krimu ni mambo ya wake, na wake hawayi barazani. Wewe ni mwanamke. Ingia ndani."

Miaka yote niliyokaa Lamu, bado nikaweka mkutano mahali ambapo wenye jambo hawafiki! Nilijicheka, nikamfuata.

Nyumbani kwa Bi Mwanaisha wanawake walikuwa wamekwisha jaa mikekani. Yeye ndiye anayewakanda wazazi wa Siyu, wanawake waliojifungua, katika siku zao arubaini, kwa mafuta anayoyapika mwenyewe na kuyauza kwa chupa. Tangu afiwe na mumewe, mafuta hayo ndiyo yanayomlisha. Nilisoma swali: je, kila kinachouzwa kiandikwe viungo vyake vyote?

"Ndiyo!" walijibu kwa pamoja, wakanionyesha Zainabu, mke wa mwanawe Bi Mwanaisha. Shavu lake lilikuwa na kovu la krimu ya dukani, iliyouzwa katika kikopo kisicho na maandishi. Kisha mmoja baada ya mwingine waligeuka kumtazama mwenye nyumba.

"Na yangu pia?" Bi Mwanaisha aliniuliza.

Ikabidi niseme ndiyo, na yake pia.

Alinieleza polepole. Mapishi yale alipewa na mama mkwe wake kwa ijaza, yaani idhini yenye ahadi. Ayatumie, ayauze, lakini yaliyomo amwambie mtu mmoja tu, atakayemrithi.

"Labda uiambie ofisi ya serikali peke yake, kwa siri," nikasema. "Naweza kuandika maoni hayo."

"Mtu mmoja, Daktari. Wataka mtu huyo awe ofisi?"

Zainabu aliinamisha kichwa, nikajua ni nani aliyekuwa akingoja kurithishwa.

"Basi sema hapana," nilimwambia. "Ni haki yako."

Bi Mwanaisha alimshika Zainabu kidevu, akaugeuza uso wake kwenye mwanga wa dirisha. "Mato yangu yaliona ngozi hii ikibambuka. Nikisema la kwa sababu ya tupa zangu za mafuta, ntamwangalia vipi? Andika ndiyo. Wazazi ntawakanda. Kuuza, basi."

"Mama, utakula nini?" Zainabu alimuuliza.

"Hilo si lako. Niatia mimi na Mngu."

Nililala kwa Bwana Athmani, mkewe akanilisha samaki na mkate wa mofa, na asubuhi maji yalipojaa nikaanza kurudi. Nilikuwa nimekwenda nikidhani kukusanya maoni ni kusikia kila mtu akivutia kwake. Bi Mwanaisha alinionyesha kwamba sivyo, na funzo hilo liliniuma. Niliandika jibu lake kama alivyosema, nikaongeza kwa mkono wangu ombi la njia nyingine kwa watu kama yeye, ingawa njia yenyewe siijui. Mkanda mzima, ndani ya boti, nilitamani angesema hapana.