Mungu Asiyehuzunika

Kogo, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, alikuwa na ndewe ndefu zilizovutwa tangu usichana wake, akazivalisha shanga na mikufu ya shaba. Jumapili moja mwalimu wa kanisa letu, karibu na Kapkatet, alimng'oa mapambo hayo mbele ya watu wote, sikio moja likachanika. Mimi nilikuwa msichana wa bweni pale misheni. Niliona. Tangu hapo nikawa namtafutia mwalimu yule siku yake.

Kosa la kogo lilikuwa swali. Mwalimu, mtu wa pande za ziwani aliyeletwa kwetu na kazi ya majani chai, alikuwa akifundisha kwamba Mungu hana mwili, habadiliki, wala haguswi na furaha au huzuni. Kogo alikuwa amezika watoto wake wote isipokuwa mama yangu. Akasimama.

"Mwalimu, nilipowazika wanangu, huyo Mungu alihuzunika?"

"Mungu hahuzuniki. Hayo ni mambo ya wapagani wenye kuomba jua."

"Basi Asis ananifaa zaidi," kogo akasema. Asis ndilo jina ambalo watu wetu walimwitia Mungu, wakielekea jua likichomoza. Hapo ndipo mwalimu alipomshika masikio.

Kogo hakukanyaga kanisani tena. Alikufa wakati wa mvua, na mwalimu akaninyima ruhusa ya kwenda nyumbani kumlilia.

Sikupiga kelele. Nilisoma.

Mke wa mmishonari ndiye aliyetufundisha wasichana, na babake huko ng'ambo alikuwa mwalimu wa lugha ya Kigiriki. Mchana mmoja tukipiga pasi, nikamwuliza yale ya Mungu asiyeguswa yametoka wapi. Akaweka pasi chini. Alisema Wagiriki wa kale walikuwa na miungu ya kugombana na kuzini, mpaka wenye hekima wao wakaona aibu. Wakasema lazima awepo Mmoja, asiye na mwili, asiyeguswa na lolote, chanzo cha vyote. Wakristo wa kwanza walipohubiri katika miji ile, wengine wao walikuwa wamesomea hekima hiyo hiyo. Wakachukua maneno yake kumweleza Mungu wa Biblia, ambaye hukasirika na kuhurumia. Kuyapatanisha hayo mawili kuliwasumbua sana.

"Na hao wenye hekima, mama, hawakuwa wapagani?"

"Walikuwa. Lakini baadhi ya walimu wa kanisa la kale walisema Neno la Mungu lilikuwa limewaangazia hata kabla ya Kristo kuzaliwa."

Nikarudia shati langu. Nikalinyoosha kola mara mbili, nikitabasamu.

Nilingoja mkutano mkubwa, watu wamekuja hadi kutoka Ndanai na Longisa. Mwalimu akahubiri yale yale. Nikasimama pale alipokuwa amesimama kogo.

"Mwalimu, imeandikwa wapi kwamba Mungu hahuzuniki?"

Akafunua Biblia, akasoma mstari wa Mungu asiyebadilika.

"Hapo ni kutobadilika. Nimeuliza kutohuzunika. Na Yesu alilia kaburini kwa rafiki yake."

Akafunua tena, akafunga. Akamtazama mmishonari. Mmishonari akatazama viatu vyake.

"Neno hilo lilitoka kwa wapagani wa Ugiriki," nikasema. "Mpagani wa Ugiriki umempandisha mimbarani. Kogo yangu ukamchana sikio."

Mwanamke mmoja akacheka, kisha benchi zima. Mwalimu akaketi, jasho likimtiririka. Hakuhubiri tena kwetu. Alirudi shambani kupima majani chai kwenye mizani, na kila nilipotumwa upande huo nilipita karibu naye makusudi, nikamwamkia kwa sauti kubwa, "Hujambo, mwalimu!" ili wachumaji wote wageuke.

Mke wa mmishonari aliniita.

"Nilikupa maarifa, ukayafanya rungu."

"Ndiyo, mama."

"Utamwomba msamaha?"

"Hapana."

Nikafungiwa Meza ya Bwana mpaka nilipoolewa. Wenzangu walipokwenda mbele kupokea, mimi nilibaki kwenye benchi, mgongo wima, nimeshiba.