Wifi, Besi na Mkanda Mnene

Wifi yangu hawezi kupiga besi amesimama wima kama mlingoti. Nimemwona akijaribu. Anafika katikati ya wimbo, goti la kushoto linaanza, kiuno kinafuata, halafu mwili mzima unakwenda zake. Kwa hiyo Jumapili ile mkanda ulipochomoka na gitaa likaangukia mguu wa mpiga ngoma, sikushangaa. Nilishangaa tu kwamba halikuwa limemuumiza mtu kabla ya siku hiyo.

Siku za kazi wifi anapiga pasi kwa dobi, na huko ndiko alikokutana na besi. Bendi ilikuwa inapeleka mashati yake pale. Akitumwa kuyarudisha yakiwa yamenyooka, anakawia, amejibanza kwenye kona ya chumba cha mazoezi anamtazama mpiga besi wa zamani, mpaka siku moja yule mzee akamwambia, "Binti, ama ushike hili gitaa ama uache kunikodolea macho!" Akalishika. Mzee alipochoka na jukwaa alimwachia gitaa pamoja na nafasi yake. Vidole vya wifi vimezoea moto wa pasi, nyuzi nene hazimtishi.

Kiongozi wa bendi, wanayemwita Kapteni, hakumfokea. Alimvuta pembeni.

"Lilipoanguka mara ya kwanza nilicheka. Leo mpiga ngoma anachechemea. Likianguka tena natafuta mtu mwingine. Au uwe unapiga umekaa."

"Nikikaa vidole vinasinzia, Kapteni."

"Basi lifunge, mama. Lifunge likafungika."

Akaja kwetu amelikumbatia kama mgonjwa. Mume wangu, ambaye ni mdogo wake, ni fundi viatu na karakana yake ni chumba chetu cha mbele. Alisikia "mkanda umechomoka", maneno yaliyofuata hayakumwingia. Kesho yake akawa ameshatengeneza mkanda mpya: ngozi mbili zimegandishwa pamoja, zimeshonwa kwa uzi wa buti.

"Huu, dada, hata ng'ombe mwenyewe hakuwa na ngozi nene namna hii."

"Mzuri sana, mdogo wangu. Lakini ule haukukatika, ulichomoka. Kile kitufe kwenye gitaa kimekuwa kidogo, tundu linapita juu yake. Nataka kufuli."

"Kufuli! Kwani gitaa lina mlango?"

Tukaenda duka la vyombo vya muziki mimi na wifi, mwanangu mgongoni. Muuzaji akatuwekea aina mbili juu ya kioo. Za kwanza zilikuwa za plastiki nyekundu, unazivisha juu ya kitufe kilekile cha zamani na kuzizungusha, bisibisi haihitajiki. Wifi akazipenda hapo hapo. Za pili zilikuwa za chuma, kila kufuli vipande viwili: kimoja unakifunga kwenye gitaa kwa skrubu baada ya kung'oa kitufe, kingine, chenye kikombe kilicho wazi upande mmoja, unakipitisha kwenye tundu la mkanda na kukikaza kwa nati. Ukivikutanisha vinang'atana, havitengani mpaka uvute kipini.

"Unapiga umetulia au unacheza?" muuzaji akauliza.

"Nimetulia," akasema wifi.

"Anacheza," nikasema mimi. Nikafinywa.

Muuzaji akacheka. "Za plastiki zinategemea kitufe cha zamani. Chako kikoje?"

Wifi akatazama sakafu. "Kimelika kama jino la bibi."

"Basi chukua za chuma. Na mkifunga, ule uwazi wa kikombe utazame juu, ili hata kipini kikikosea gitaa liwe limekaa."

Kazi ilianza mezani kwa mume wangu. Skrubu mpya ilikuwa nyembamba kuliko tundu la zamani, ikawa inazunguka tu bila kushika. Akajaza njiti za kiberiti zilizochovywa gundi ya mbao kutoka kwa seremala jirani, tukaliacha gitaa lilale. Asubuhi skrubu iliingia kwa kulalamika, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Ikabaki upande wa mkanda. Mume wangu akapitisha kipande, akaweka nati, akaibana kwa koleo mpaka mshipa wa shingo ukamtoka.

"Imeshika!"

Mimi nilikuwa nimekaa chini namnyonyesha mtoto, na kwa chini nikaona wasichokiona wao. Ngozi ilikuwa nene mno. Nati ilikuwa imeshika ncha tu.

"Baba, mbona kama nati imesimama mlangoni? Haijaingia."

"Imeingia, mama. Wewe nyonyesha."

Wifi akavaa gitaa, akagusa nyuzi mbili tatu, goti likaanza. Nati ikaruka. Gitaa likaporomoka, akalidaka kwa paja, huku nati ikijiendea chini ya meza.

Sote tukapiga magoti kutafuta. Kisha nikagundua mtoto, niliyemweka chini, amenyamaza. Mtoto wangu akinyamaza kuna jambo. Nikamfungua mdomo: meno yake mawili, basi. Nikamfungua kiganja, nati ile, imelowa mate.

"Angalau mmoja wetu ameishika," akasema wifi, na mimi nikacheka huku nampangusa mtoto mate.

Mume wangu hakucheka. Aliushika ule mkanda akauangalia.

"Nilitaka ukae salama, dada."

"Najua. Sasa uchune kidogo."

Akachukua kisu chake cha ngozi akaanza kuparua miisho tu, utandu kwa utandu, uso umekunjamana kana kwamba anajichuna mwenyewe. Katikati akaacha unene wake wote, hapo hakukubali kuguswa. Nati iliporudi iliteremka mpaka ncha ya chuma ikachungulia upande wa pili. Akanigeuzia nione.

Jumapili alasiri tulikuwa ukumbini mapema. Wimbo wa kwanza Kapteni aliupiga amesimama hatua moja kutoka kwa wifi, jicho kwenye gitaa, kama mtu anayemlinda mtoto anayejifunza kutembea. Na wifi akapiga amekakamaa, hata kope haikucheza. Nikaumia. Akipiga hivi daima, hiyo tofauti yake na kukaa ni ipi?

Wimbo wa tatu, goti. Kisha kiuno. Akazunguka mzima, na kwenye kituo, pale bendi inaponyamaza kidogo, akaachia mikono yote miwili na kupiga makofi. Kapteni akaruka kudaka. Gitaa likaning'inia palepale, linapepesuka kwa raha zake. Ukumbi ukapiga kelele. Kapteni akajikohoza, akarudi mahali pake.

"Miisho ile nimeiparua mimi," mume wangu alikuwa anamwambia mtu asiyemjua.

Walipokuwa wanakusanya nyaya, Kapteni akapita mbele ya wifi bila kusimama. "Jumatano mazoezi. Usichelewe."

Wifi akangoja mpaka mgongo wa Kapteni ulipotoweka mlangoni. Halafu akanikumbatia, mimi na mtoto kwa pamoja, akaanza kuruka.

"Umesikia, wifi? Jumatano!"