Kimya, Narekodi

Mzee jirani yangu hapa mtaa wa Bahati akianza kuhamishia nyimbo za santuri zake kwenye CD, ploti nzima hukoma kupumua. Hupuliza sindano kama anayepoza uji, huweka maiki ya kompyuta mbele ya spika, kisha hutoa kichwa dirishani: "Kimya! Narekodi!"

Mwaka jana Mama Apondi wa mlango wa pili aliwaita kuku wake katikati ya wimbo. Mzee alimnunia wiki nzima. "Umeniharibia CD, mathe!" Fujo za baada ya uchaguzi zilipozuka Januari, Mama Apondi alikimbia, kuku wakabaki. Siku hizi mzee huicheza ile CD iliyoharibika, na Mama Apondi akianza kuita humo ndani, huongeza sauti. Kuku huja mbio mlangoni pake. Huwamwagia mahindi, kisha hutukazia macho: "Kimya! Wanakula!"