Ngazi Iliyopimwa kwa Mguu wa Elpidio

Elpidio Marrandino alikuwa na miaka sabini na mmoja, na kwa arobaini na minne kati ya hiyo, kila Septemba ilipofika alihamia juu ya miti. Huko Aversa, kusini mwa Italia, zabibu za asprinio hazikai chini kama za watu wengine. Mizabibu huachwa ipande miti ya popla mpaka mita kumi na tano, na anayezitaka azifuate huko huko. Divai yake ni nyeupe, kali kama ndimu, na Elpidio hakutaka kusikia nyingine. Mkwewe alipomletea chupa ya divai ya fiano kutoka Avellino, alionja, akairudisha gilasi mezani.

"Nzuri," akasema. "Kampe mtoto mwenye kikohozi."

Ngazi ya kazi hiyo haiazimwi. Ni nyembamba, inatosha viatu viwili tu, na seremala huitengeneza baada ya kumpima mwenyewe mguu, ili akisimama kwenye kidato kimoja goti lijibane kwenye kidato cha juu, mikono ibaki huru kuchuma. Ukipanda ya mwenzako goti linachomoka, nawe unafika chini kabla ya kikapu. Mkewe Assuntina alishamsihi aache. Yeye akamjibu kwamba siku atakayobaki chini ndiyo siku atakayokwisha.

Mwaka huo, asubuhi ya kwanza ya mavuno, Elpidio alipanda vidato kumi, akapenyeza goti, likagoma. Akalisukuma kwa nguvu, maumivu yakampanda mpaka kiunoni. Alishuka uso umemwiva kwa hasira.

"Biagio! Umechukua ngazi yangu!"

Biagio, mchumaji ambaye Elpidio mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, alikuwa kwenye mti wa pili.

"Mimi, mjomba? Ngazi yako nitaifanyia nini na miguu yangu hii ya korongo?"

"Tangu lini mwizi akakiri?"

Wanawake waliokuwa chini wakipokea vikapu wakaacha kazi, wakageuka kumtazama. Kumwita mtu mwizi wa ngazi si mzaha kule; ni sawa na kumwambia alitaka uanguke ufe. Biagio akashuka polepole, akaileta ngazi yake mbele ya mzee.

"Haya, jaribu. Kama ni yako, ichukue."

Elpidio akapanda vidato vitatu. Goti halikufika hata karibu na kidato cha juu. Akaiendea ile ya kwanza, akaipapasa mpaka kidato cha saba, kile alichokifunga waya kwa mikono yake wakati wa baridi. Waya ulikuwapo. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ngazi ilikuwa yake, goti ndilo lililokauka, na mzee wa watu aliona aibu mpaka akatamani ardhi ipasuke.

"Biagio," akasema, macho chini. "Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe."

"Yameisha, mjomba. Lakini hayo ya korongo nimejisema mwenyewe, wewe usiyadake."

Watu wakacheka, Biagio akarudi mtini. Elpidio akabaki amesimama mikono mitupu, hajui aende wapi. Assuntina, aliyepokea vikapu vyake miaka yote hiyo, akamsogezea kamba ya kushushia vikapu bila kumtazama.

"Shika. Kikapu kikishuka, elekeza ile ncha yake ya chini kwenye udongo laini ili ichome, kisimame. Ukikiangusha nitakufokea kama ulivyokuwa ukinifokea mimi."

Kikapu cha Biagio kikaja, kizito, kikiyumbayumba. Elpidio alikidaka vibaya, ncha ikamgonga kiatu, vichala viwili vikamwagika. Assuntina akaviokota, akavipuliza vumbi, akavirudisha.

"Assuntina," akasema kwa sauti ya chini, "leo nimezeeka."

"Umezeeka tangu mwaka juzi, mume wangu. Nilikuwa nakuona kutoka hapa. Kila kikapu kilichoshuka nilimshukuru Mungu kwamba si wewe."