Mikono Miwili ya Kushoto

Mtaani walimwita Bi Lesi, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika. Mapazia ya lesi, vitambaa vya mezani, blauzi za kutokea, vyote vilipita mikononi mwake. Lesi huteleza, kwa hiyo hakuikunja na kukata mikono yote miwili ya nguo kwa pamoja kama mafundi wenye haraka. Alikata mkono mmoja, akaigeuza karatasi ya kukatia, ndipo akakata wa pili. Miaka ishirini na miwili alifanya hivyo bila hata kuwaza.

Siku aliyokata gauni la harusi la binti wa dada yake, alikuwa anabishana na jirani kupitia dirishani juu ya kamba ya kuanikia nguo. Karatasi hakuigeuza. Akajikuta na mikono miwili ya kushoto.

 Lesi imekwisha, dukani hakuna nyingine ya maua yale, na harusi ni Jumamosi. Bibi harusi hakumtia hofu. Aliyemtia hofu ni dada yake, aliyemfundisha kushika mkasi na ambaye mpaka leo hajawahi kumwambia, hapo umeshona vizuri.

Kama angeugeuza mkono mmoja, ndani kuwe nje, ungekaa sawa begani. Lakini uzi mnene unaozunguka maua ungebaki ndani, na maua yangeonekana bapa kama yaliyokaliwa. Basi akaufumua uzi ule, ua moja moja, akaushona upande wa pili. Kazi ya siku mbili. Jirani alipokuja kumalizia ubishi wake, aliambiwa tu, "Umeshinda wewe," akaondoka na wasiwasi.

Ijumaa asubuhi wakaja kujaribu gauni. Binti akajitazama kiooni.

"Mama mdogo, hili silivui tena."

Dada mtu akasogea karibu. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha wa kulia tena.

"Huu umeugeuza."

Bi Lesi akajibu, "Nimeugeuza, dada. Nilikata vibaya."

"Umeufumua siku ngapi?"

"Mbili."

Dada akavua miwani. "Mimi nilitumia tatu. Kwenye gauni lako la harusi nililokushonea. Kautazame ule mkono wa kulia."

"Miaka yote hiyo, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniogopa tena?"

Bi Lesi akacheka mpaka akakaa sakafuni, na machozi yalipomtoka hakuyafuta.