Mabunda Mawili na Mwenyeji Wake

Nilimvusha mjomba wangu maji kutoka Deira kwenda kuitafuta Deira. Msinicheke, nimeshajicheka vya kutosha na bado sijamaliza.

Mimi nafanya kazi ghala la biskuti kule Investments Park, mbali na mjini, na nalala hapo hapo, bweni la kampuni. Siku ya mapumziko wenzangu huenda kutembea. Mimi hubaki kitandani, nikiwarekodia watu wa nyumbani sauti ndefu za kuisifu Dubai ninayoiona kwenye simu. Kwa hiyo mjomba alipokuja kununua nguo za watoto akauze sikukuu ya Idi, hakutafuta mwenyeji mwingine.

Tulitoka hotelini kwake, Deira, kila mmoja na bunda lake. Kontena la watu wa kago lilikuwa linafungwa mchana ule. Likitupita, nguo zitafika Tanga Idi imeshapita.

"Ofisi yao unaijua?"

"Mjomba! Hapa si ndiyo kwangu?"

Akataka kumuuliza njia muuza chai. Nikamkataza, nikamwambia tutaonekana wageni. Nikampakia kwenye abra, mashua ya kuvushia watu, tukavuka Khor, ule mkono wa bahari unaoukata mji, yeye kalikumbatia bunda, mimi namwonyesha majengo na kuyapa majina ya kutunga. Ng'ambo tukazunguka juani mpaka shati likamganda mgongoni. Mwisho hakuniomba ruhusa tena. Alimsimamisha mchukuzi mmoja mwenye mkokoteni, akamtajia ofisi. Yule akanyoosha mkono kule kule tulikotoka, akatuhimiza.

"Deira. Yalla, yalla!"

Tukavuka tena. Ofisi ilikuwa nyuma ya hoteli ya mjomba. Kontena limeshaondoka.

Mjomba akaketi juu ya bunda, akajifuta uso kwa kofia. Mjomba huyu nyumbani hugombeza mpaka kuku, lakini mimi hakunigombeza.

"Ungesema tu hujui, mwanangu."

Nikamwambia kontena lijalo litawahi, inshallah. Hata hilo nalo sikulijua.

Akaruka na ndege jioni ile, mabunda akayaacha pale ofisini. Mimi nikarudi bwenini, nikajilaza na viatu vyangu, uso ukutani. Jirani yangu wa kitanda cha chini, Mganda anayelinda maghala, akaniuliza nani kafa. Nikamsimulia yote, hata yale majina ya majengo. Hakucheka.

"Wewe ndugu, Dubai yako ni hiki kitanda na choo. Mpigie mzee sasa hivi umwambie hivyo, kabla hajampa mgeni mwingine namba yako."