Laptop ya Marehemu Kaka Ilikuwa Inamzimikia Mama Tu

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nimefufua laptop zilizomwagiwa chai, zilizokaliwa, mpaka moja iliyokojolewa na paka.

Iliyonitoa jasho ni ya nyumbani kwetu.

Ilikuwa ya kaka yangu. Alifariki ghafla, kifua kilimbana akiwa kazini, na mama akaomba abaki na laptop yake. Ndani kulikuwa na video moja, kaka amekaa sebuleni kwetu anajaribu kamera.

Kwa maelezo ya mama, akiifungua tu, kaka anacheka, anakohoa kidogo, anataka kusema neno... pap! Kioo cheusi.

Naibeba mpaka kibandani kwangu. Nabadilisha betri. Nasafisha feni. Naweka mechi nzima, mpaka refa anapuliza kipenga, wala haitingishiki.

Nairudisha nyumbani. Mama anakaa nayo. Pap!

"Jamani, hiyo laptop ina mtu," akasema mama mdogo, huku anasogeza kiti chake mbali.

Nikacheka. Mama hakucheka.

"Mwanangu, acha kujisumbua. Haijaharibika hiyo."

"Sasa mbona inazima, mama?"

"Kaka yako alinipigia siku moja kabla ya kufa. Tulikuwa tumekwaruzana kuhusu yule mchumba wake. Nikamkatia simu, bado anaongea." Akafuta macho kwa kiganja. "Na yeye sasa ananikatia."

Roho iliniuma vibaya sana. Nikajiapiza kwamba ile mashine nitaitengeneza, iwe isiwe.

Jumamosi iliyofuata sikuibeba. Nikaifungulia palepale sebuleni, skrubu nikaziweka kwenye kisosi. Mama akapitisha mkono juu yake kuchukua kikombe cha chai.

Skrubu zikaruka, zikamganda mkononi.

"Haa! Makubwa haya!" mama akashtuka.

Kumbe zimeganda kwenye bangili yake. Ni ile ya sumaku wanayouziwa watu wenye maumivu ya viungo. Kaka ndiye aliyemnunulia. Tangu tumzike, mama hajaivua hata akioga.

Nikairudishia laptop haraka haraka, nikaiwasha.

"Mama, hebu weka mkono kama unavyowekaga."

Akauegemeza pembeni ya kibodi. Pap! Nikaiwasha tena, nikaweka wangu palepale. Ikatulia.

Laptop nyingi zina kijidude kinachohisi sumaku ya kwenye kifuniko, ili ukiifunga ijizime. Bangili ilikuwa inaidanganya kwamba imefungwa. Na kila kaka alipotaka kuongea, mama alikuwa anasogea ili amsikie vizuri, mkono unatua hapohapo.

"Hakukatii, mama. Ni hii zawadi yake."

Akaizungusha bangili taratibu. "Kwa hiyo niivue?" aliuliza, kama anaomba ruhusa.

"Kidogo tu. Utaivaa tena."

Akanipa niishike. Ilikuwa bado na joto la mkono wake.

Video ikaanza. Na mimi nilikuwa sijawahi kuitazama. Kule kibandani nilikuwa naweka mpira kwa sababu kuiona sura ya kaka kulinishinda.

Akacheka, akakohoa. "Kamera kali hii," akasema. Kisha akageuza shingo kuelekea jikoni. "Mamaaa! Njoo uone mwanao alivyo mtanashati!"

Na humo humo kwenye video, kwa mbali, ikasikika sauti ya mama, imejaa kicheko: "Nakuja, baba! Usizime, nisubiri!"

Kaka akasubiri, anatabasamu peke yake, mpaka mama akatokea pembeni yake ameshika upawa. Ikaishia hapo.

Nyie, mama alilia kilio ambacho hata msibani hakukilia.

"Nilimwitikia," akawa anarudia. "Umesikia, mwanangu? Aliniita nikamwitikia."

Nikamkumbatia, tukalia wote.

Wadau, mtu wako akikuletea kitu kibovu, usikimbilie kukibeba ukakipime kwako. Kaa naye. Mwangalie anavyokitumia, muulize kinachomtisha. Mimi nilipima kila kitu kasoro mama yangu.

Bangili bado anaivaa. Akitaka kumwona kaka, ananiita niishike, na video ikiisha ananyoosha mkono nimvishe.